Karafuu kwenye pipa la maji: kisa cha watoto 19 wa nguruwe, Moshi

Kisa hiki kilitokea katika ukanda wa migomba juu ya mji wa Moshi, mwezi wa Julai. Mimi ni afisa mifugo na nilishiriki mwanzo hadi mwisho. Jina la mfugaji, kijiji chake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyaondoa, na yeye ameisoma taarifa hii kabla hamjaisoma ninyi. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo kila mtu kijijini anavyomwita tangu alipostaafu kufundisha.

Ninaiandika kwa ajili ya wafugaji na maafisa wenzangu ambao kila wiki tunaulizwa kuhusu mafuta ya karafuu, ya mchaichai, ya mkaratusi na mengineyo kwa ajili ya matumbo ya mifugo. Maswali hayo ni ya haki. Antibiotiki tunazozitegemea zinazidi kugonga mwamba, na mtu anayetafuta njia nyingine anastahili jibu lililokamilika. Mwalimu alipewa jibu nusu.

Usuli

Mwalimu ana majike wanne wa nguruwe, dume la kuazima kwa jirani, na vyumba sita vya matofali na sakafu ya zege nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kahawa. Ni mfugaji makini. Ana daftari la kaunta ambamo anaandika tarehe ya kupandisha, tarehe ya kuzaa, idadi ya waliozaliwa na waliokufa. Bila daftari hilo nisingeweza kuandika hata nusu ya haya.

Shida yake ilikuwa moja na ilijirudia: watoto walikua vizuri wakiwa na mama, lakini siku nne au tano baada ya kuachishwa kunyonya walianza kuhara maji ya njano, wakakonda, na baadhi wakafa. Kwa makundi matatu mfululizo alikuwa akiweka unga wa oksitetrasaiklini, aina ya antibiotiki, kwenye maji siku ileile ya kuachisha, kabla hata ya kuona dalili. Kundi la kwanza ilisaidia. La pili ilisaidia kidogo. Kundi la tatu, la mwezi wa Machi, walikufa 6 kati ya 17 wakiwa wanakunywa dawa hiyohiyo.

Chakula cha kuanzia alikichanganya mwenyewe: pumba ya mahindi, soya, dagaa, mashudu ya alizeti, chokaa na chumvi. Soya ilikuwa imekaangwa juujuu tu, nyingine ikibaki mbichi katikati. Dagaa walikuwa wa chumvi, na juu yake chumvi nyingine iliongezwa. Chokaa iliwekwa kwa wingi, kwa imani kwamba inajenga mifupa.

Maji yalitoka kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililoinuliwa juu ya matofali. Mpira uliungwa chini kabisa ya pipa, ukapita chumba A, kisha chumba B, na kila chumba kilikuwa na chuchu mbili za maji, zile za chuma ambazo nguruwe huzibonyeza kwa mdomo. Pipa lilikuwa limeegemea kidogo upande wa mpira ili maji yaishe yote. Naomba msomaji aukumbuke huo mwegemeo.

Mambo yalivyokwenda

Siku ya kuachisha, mwanzoni mwa Julai, watoto 19 wa majike wawili walihamishwa wakiwa na umri wa siku 35. Walichanganywa, 10 wakaingia chumba A na 9 chumba B. Siku hiyohiyo maziwa yalikwisha, mama akaondoka, chakula kikawa kipya, chumba kipya, wenzao wapya wa kupigana nao. Na ilikuwa Julai: mawingu yamefunika mlima, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 15, sakafu ya zege ina maranda ya kufunika tu vumbi.

Siku ya kwanza na ya pili hawakula. Siku ya tatu njaa ikawashinda, wakala kwa pupa, na Mwalimu akafurahi kuona hori tupu. Sisi tulio kwenye kazi hii tunaijua siku hiyo ya tatu na hatuifurahii.

Siku ya nne wanne walihara. Hadi jioni walikuwa saba.

Siku ya tano asubuhi Mwalimu hakugusa ile dawa ya unga. Alikuwa amenunua mjini chupa ya mililita 100 ya mafuta ya karafuu, yale yanayouzwa kwa ajili ya meno na kuchua. Akamimina nusu ya chupa kwenye pipa lililojaa, akakoroga kwa fimbo, harufu ikasambaa uani.

Saa sita mchana kijana anayemsaidia alimwambia kwamba wale wa chumba A wanaugusa mdomo wa bomba, wanapiga kelele, wanaruka nyuma. Mwalimu alidhani ni ugonjwa. Jioni alichungulia pipa, akaona maji hayajashuka hata vidole vinne. Akafikiri kama ambavyo wengi wetu tungefikiri: hawajapata dawa ya kutosha. Akamimina nusu iliyobaki.

Siku ya sita alfajiri wawili wa chumba A walikuwa wamekufa. Saa moja asubuhi alinipigia simu.

Nilifika saa tatu. Nilipomsalimu shikamoo aliitikia kwa sauti ya mtu ambaye hakulala. Chumba A wote walikuwa na macho yaliyozama na mbavu zimejichora; ngozi ya shingo ukiivuta inabaki imesimama. Mmoja alikuwa ameketi kama mbwa, anatetemeka, kisha anarudi kinyumenyume hadi ukutani. Mwingine alikuwa anazunguka na kugonga hori kama haoni. Chumba B walikuwa wanahara lakini wanatembea, na wengine walikuwa wanakunywa kidogokidogo kwa kusitasita.

Niliibonyeza chuchu ya chumba A, nikaweka tone moja kwenye ulimi. Uliungua, kisha ukafa ganzi. Nilihisi ganzi hiyo hadi nilipofika nyumbani mchana.

"Mwalimu, ni nani alikushauri kuweka karafuu?"

Alinitazama kidogo. "Mwanangu, si wewe mwenyewe ulitwambia kwenye mkutano wa Februari? Ulisema karafuu inaua vijidudu vya tumbo na haina usugu kama hizi dawa za unga."

Nilikuwa nimesema hivyo. Dakika mbili za mwisho za mkutano, mtu aliuliza, nami nikajibu nikiwa nimeshika begi langu. Sikutaja kipimo. Sikutaja inachanganywa na nini.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa maji. Kuhara kunaua kwa kukausha mwili, na watoto hawa walikuwa wanapoteza maji huku chini wakiwa wamenyimwa juu kwa takriban siku nzima. Tulifungua mpira, tukamwaga pipa lote. Maji ya mwisho yaliyotoka yalikuwa na matone ya rangi ya kahawia isiyokolea, yanateleza chini ya ndoo kama shanga. Tuliosha pipa kwa maji ya moto na sabuni mara tatu na mpira bado ulinuka, kwa hiyo tukautupa. Hadi mpira mpya ulipopatikana, walinyweshwa kwenye mabeseni mafupi.

La pili lilikuwa namna ya kurudisha maji, na hapo nilisita. Wale wawili waliokuwa wanatetemeka na kugonga walinipa shaka ya sumu ya chumvi. Nguruwe anayekula chakula chenye chumvi na kukosa maji hukusanya chumvi mwilini hadi kwenye ubongo. Akipewa maji mengi ghafla, ubongo huvimba na hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo watoto wote wa chumba A walipewa maji safi machache, mafunda kwa mafunda, kila nusu saa, beseni likiondolewa katikati. Kwa chumba B, na kwa chumba A baada ya saa kadhaa walipotulia, tulitumia ORS ya dukani, pakiti moja kwa lita moja ya maji, ileile ya watoto wetu. Utumbo unaohara bado una uwezo wa kufyonza chumvi ikiambatana na sukari, na maji hufuata hapo.

La tatu: kuhakikisha si homa ya nguruwe ya Afrika. Huku kwetu ugonjwa huo haufanyiwi mzaha. Unaua wakubwa kwa wadogo na tiba haina. Nilipima joto la watoto sita, likawa kati ya nyuzi 38.9 na 39.7, ambalo ni la kawaida. Majike wote walikuwa wanakula, ngozi haina wekundu. Vifo vilikuwa kwa walioachishwa tu. Hata hivyo tulikubaliana hakuna nguruwe kuuzwa wala mgeni kuingia bandani hadi hali itulie, na nikamjulisha daktari wa mifugo wa wilaya.

La nne lilikuwa antibiotiki. Kwa ushauri wa daktari huyo, watano waliokuwa hoi walichomwa sindano ya antibiotiki tofauti na ile iliyozoeleka bandani, mmoja mmoja, kwa uzito. Wengine hawakupewa. Kabla ya sindano tulichukua sampuli za kinyesi kwa pamba moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja. Majibu yalipofika yalionyesha bakteria aina ya E. koli isiyosikia oksitetrasaiklini. Ndiyo maana kundi la Machi lilikufa huku linakunywa dawa.

La tano, chakula na joto. Hori liliondolewa hadi jioni, kisha uji mwepesi wa mahindi kidogokidogo mara nne kwa siku. Chokaa na dagaa vilisimama. Kijana alileta mafungu ya majani makavu ya mgomba, akayatandika kwa kimo cha kiwiko, na kona moja ikafunikwa kwa mbao na magunia ili walale wakiwa wamebanana. Kati ya yote tuliyofanya siku ile, hilo ndilo lililobadilisha sura ya banda haraka zaidi. Saa moja baadaye walikuwa wamelala kama mkate uliokatwa vipande, hawatetemeki.

Matokeo

Yule aliyekuwa anagonga hori alikufa usiku huo. Aliyekuwa ameketi kama mbwa alipona. Siku ya nane alikufa mmoja wa chumba B ambaye alikuwa mdogo tangu kuzaliwa. Jumla walikufa 4 kati ya 19: watatu chumba A, mmoja chumba B. Kuhara kulikoma siku ya kumi na moja. Waliopona wa chumba A walibaki nyuma kimwili, na Mwalimu aliwauza wakiwa wamechelewa kwa zaidi ya mwezi.

Uchambuzi: mafuta yalipita njia gani

Mafuta tete ni yale mafuta makali yenye harufu yanayopatikana kwa kuupitishia mmea mvuke na kuukusanya. Nguvu yake si hadithi. Ya karafuu, yawe ya ua, ya jani au ya makonyo kama yale yanayozalishwa Pemba, yana kiasi kikubwa cha kemikali iitwayo yujenoli, mara nyingi zaidi ya asilimia 70. Ya zaatari na oregano, mimea ya viungo, yana kemikali za thaimoli na kavakroli. Vitu hivi hupenda mafuta kuliko maji, hivyo hujipenyeza kwenye utando wa bakteria, ambao nao umejengwa kwa mafuta, wakautoboa, na yaliyomo ndani yakavuja. Kwenye maabara unaliona hilo wazi.

Lakini kati ya sahani ya maabara na utumbo wa mtoto wa nguruwe kuna pipa, mpira, ulimi na tumbo. Mafuta ya Mwalimu yaligonga mwamba katika kila kituo.

Kituo cha kwanza ni pipa. Watu husema mafuta huelea juu ya maji, na kwa mafuta ya mkaratusi, mchaichai, zaatari na oregano ndivyo ilivyo. Ya karafuu huzama. Lita moja yake ina uzito wa takriban kilo 1.05, mazito kidogo kuliko maji. Fimbo iliyatawanya kwa dakika chache, kisha matone yakashuka, yakatelezea upande ule pipa lilipoegemea, yakaingia kwenye mpira. Chuchu za chumba A, zilizokuwa za kwanza kwenye mstari, zikatoa mafuta yaliyokolea. Chumba B kikapata mabaki. Tofauti ya vifo kati ya vyumba viwili inaeleweka hapo, ingawa sampuli ni ndogo na sitaki kuifanya iseme zaidi ya inavyoweza. Angekuwa ametumia mafuta ya oregano, yangeelea, chuchu zingetoa maji matupu siku nzima, na pipa likikaribia kwisha wa mwisho kunywa wangepata moto. Kosa lingekuwa lilelile, upande wa pili.

Kituo cha pili ni kipimo. Tuseme kwamba mafuta yangechanganyika sawasawa. Mililita 100 kwenye lita 200 ni nusu mililita kwa kila lita. Mtoto wa kilo 8 hunywa karibu lita moja kwa siku. Bidhaa za mafuta haya zinazotengenezwa kwa ajili ya chakula cha nguruwe mara nyingi huwekwa gramu 100 hadi 300 kwa tani ya chakula. Nikichukua 200, ni kama mililita 10 kwa mfuko wa kilo 50. Mtoto anayekula gramu 300 kwa siku anapata takriban mililita 0.06. Kwa hiyo hata kama pipa lingekoroga lenyewe usiku kucha, bado ingekuwa zaidi ya mara 8. Nimeipiga hesabu hii kwenye daftari la Mwalimu, naye akaisahihisha kwa kalamu nyekundu mahali nilipokosea nukta.

Kituo cha tatu ni ulimi. Yujenoli huunguza utando wa mdomo kisha hutia ganzi, ndiyo maana tumeitumia kwenye jino bovu tangu enzi za bibi zetu. Nguruwe ana pua na ulimi wenye hisia kali kuliko wetu. Akiunguzwa mara moja na bomba, harudi.

Hapa ndipo ninapotaka maafisa wenzangu wakae kidogo. Mtoto anayehara hana akiba. Chochote unachoweka kwenye maji yake pekee ya kunywa, kikimchukiza, umemwondolea kitu kimoja kinachomweka hai. Dawa mbaya kwenye chakula itamfanya asile siku moja, na kwa siku hiyo anaweza kustahimili. Kwenye maji hastahimili. Tangu Julai nimekuwa nikimwambia kila mfugaji: ukitaka kujaribu kitu kwenye maji, hakikisha bandani kuna chombo kingine cha maji matupu, na utazame wanakwenda wapi.

Kituo cha nne ni tumbo. Mafuta haya yakiingia yakiwa matupu, sehemu kubwa hufyonzwa tumboni na mwanzoni mwa utumbo, kabla ya kufika kule E. koli inakong'ang'ania. Ndiyo maana viwanda huyafunika kwa tabaka la mafuta magumu ili yaachie polepole mbele zaidi. Chupa ya dukani ya kuchua na bidhaa hiyo hazilingani hata kama harufu ni moja. Tena chupa ya Mwalimu haikusema imetokana na ua, jani au makonyo, wala kama imezimuliwa kwa mafuta mengine.

Na juu ya yote, mafuta hayachagui. Yanayoweza kumtoboa E. koli yanaweza kuwatoboa pia bakteria wema wanaotengeneza asidi ya maziwa na kumlinda mtoto. Kwa ng'ombe na mbuzi jambo hili ni zito zaidi, maana wanaishi kwa kazi ya vijidudu vya tumbo kubwa. Ukivizidishia mafuta makali, umevunja jiko lenyewe. Wapo wanaomnywesha ng'ombe aliyejaa gesi mafuta makali yasiyopimwa. Kwa gesi ya povu, mafuta ya kupikia ya kawaida hufanya kazi hiyo bila kuunguza.

Uchambuzi: kwa nini walihara

Haya yote hayajajibu swali la kwanza. Mtoto anayenyonya hupata maziwa kila saa, na bakteria wema tumboni mwake hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Siku ya kuachishwa asidi hiyo inapungua, na tumbo lake changa bado halijui kutengeneza ya kwake ya kutosha. Akikaa siku mbili bila kula, vile vijinyama vya utumbo vinavyosimama kama nyuzi za zulia hufupika. Siku ya tatu anakula kwa pupa, chakula kinapita bila kusagika, na E. koli inakuta karamu na mlango wazi. Sumu yake huufanya utumbo umwage maji badala ya kuyafyonza.

Kila kitu kwenye chakula cha Mwalimu kiliusukuma mlango huo. Chokaa huinywa asidi ya tumbo. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa. Protini ilikuwa nyingi kuliko tumbo lilivyoweza. Baridi ya Julai ikachukua nguvu iliyobaki. Oksitetrasaiklini iliweza kuficha haya kwa kundi moja na nusu, kisha bakteria wakaizoea, kwa sababu ilitolewa kwa wote, kila mara, hata kabla ya mgonjwa kuonekana.

Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamalizia tarehe 1 Januari 2006. Sweden kuhara kwa walioachishwa kulipanda mwanzoni, na wafugaji walilazimika kurekebisha umri wa kuachisha, mabanda na chakula. Hamu ya mafuta tete ilikua katika mazingira hayo, ya watu ambao walikuwa wakitengeneza mambo mengine yote kwa wakati mmoja. Sisi huku tuliletewa chupa bila banda.

Kundi la Oktoba

Mwalimu hakutaka kuacha karafuu. Nami sikutaka kumzuia, ila niliomba iwe ya mwisho kwenye orodha.

Watoto 16 wa majike wawili waliachishwa wakiwa na siku 42. Tangu siku ya 14 walikuwa wakionjeshwa chakula kikavu kwenye sahani. Safari hii mama ndiye aliyeondolewa. Watoto walibaki chumba walichozaliwa, hawakuchanganywa. Soya ilikaangwa hadi ikawa ya hudhurungi ndani na nje. Chokaa iliondolewa kwa wiki mbili, dagaa wakapunguzwa na wakawa wasio na chumvi. Majani ya mgomba yalitandikwa kabla, na chakula kiligawiwa kidogo mara nne kwa siku ili pasiwe na siku ya pupa.

Watoto 9 wa jike mmoja walipata karafuu kwenye chakula, 7 wa jike wa pili hawakupata. Tulipima mililita 10 kwa bomba la sindano, tukazikoroga kwenye nusu lita ya mafuta ya alizeti, hizo tukazisugua kwa mikono yenye glovu kwenye kilo 2 za pumba, kisha pumba hiyo ikachanganywa na kilo 48 kwa koleo. Siku tatu za kwanza tulitumia nusu ya kipimo.

Waliohara ni 2 kati ya 9 na 2 kati ya 7. Wote walihara siku mbili au tatu, walipewa ORS, hakuna aliyechomwa sindano, hakuna aliyekufa. Wale wa karafuu walikula kidogo kuliko wenzao siku mbili za mwanzo, wakiingiza pua na kuitoa, kisha wakazoea. Mwishoni mwa wiki ya tatu uzito wa vyumba viwili ulikuwa karibu sawa.

Siwezi kusema karafuu ilisaidia, wala kwamba haikusaidia. Majike walikuwa tofauti na watoto walikuwa wachache. Ninachoweza kukisema ni kwamba chumba kisicho na tone la karafuu kilivuka salama, na kwamba karafuu ikiwa imepimwa na kuingizwa kwenye chakula haikumdhuru yeyote.

Kuhusu sehemu yangu

Nimerudi kwenye mkutano uleule wa kijiji na kusema mbele ya watu kwamba jibu langu la Februari lilikuwa pungufu, nikieleza lilipopungua. Mwalimu alikuwepo. Alisimama baada yangu, akachukua chupa ya maji ya kunywa na kichupa cha karafuu, akadondosha matone matano, akaipitisha chupa mkono kwa mkono ili kila mmoja ayaone yanavyoshuka hadi chini.

Kundi lingine linaachishwa wiki ya pili ya Februari. Safari hii tutagawa watoto wa kila jike nusu kwa nusu, wenye karafuu na wasio nayo, na watapimwa uzito kila Jumamosi. Kurasa za daftari ameshazichora.